Sura ya Saba: Daftari la Miguu

Alhamisi asubuhi, paa la bati likiwa bado linadondosha mvua ya usiku, Sajenti Rabia Hilali wa upelelezi aliiweka ile karatasi juu ya meza ya maabara ya Sekondari ya Murutabo, akaitazama kwa mara ya ishirini. Maabara yenyewe, maabara basi! Ilikuwa stoo ya majembe. Ikapigwa chokaa, ikaingizwa meza mbili na rafu ya chupa za jamu zenye vidudu vilivyokauka. Lakini humo ndimo watahiniwa thelathini na wanane wa kidato cha nne walimofanyia mtihani wa vitendo wa biolojia siku ya Jumatatu, kwa zamu, na humo ndimo jina la shule lilimoingia matope.

Kesho saa nne kamati ya mitihani ingekaa Kasulu mjini. Rabia asipokuwa na jipya, watoto wote thelathini na wanane wangefutiwa matokeo, miaka minne ikaenda na maji, na Mwalimu Verediana wa biolojia angeondoka kazini na kesi juu yake. Hayo yote yalining'inia kwenye karatasi moja iliyochanwa kutoka kwenye kauntabuku, iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu hivi:

Jongoo 4
Tandu 2
Buibui 8
Nge 8
Kupe 8 (mtoto 6)
Panzi 6
Popo 2, mikono 2
Mjusi 4

Kando ya kila mstari kulikuwa na jina la mwanafunzi. Chini kabisa, ukurasa ulikuwa na namba: 37. Kona ya juu kulia ilikuwa imechanika.

"Niambie tena uliipata wapi," Rabia alisema.

Mwalimu Nickson alisimama upande wa pili wa meza, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni. Huyu alikuwa mwalimu wa jiografia kutoka upande wa Kibondo, aliyeletwa Murutabo kusimamia mtihani, na ndiye aliyeikamata karatasi.

"Mlangoni, afande. Nilikagua mikebe kabla hawajaingia. Huyu binti, Esteri Nduwayezu, alikuwa ameikunja vizuri chini ya rula."

"Aliingia nayo ndani?"

"Hakuingia nayo. Nilimnyang'anya pale pale. Lakini kichwani si ilishaingia?"

"Sampuli zilizokuwa mezani siku hiyo ni zipi?"

"Jongoo, tandu, panzi, popo." Alizihesabu kwa vidole, kisha akakishusha kidole kwenye karatasi. "Haya, tazama mwenyewe. Jongoo huyu. Tandu huyu. Panzi. Popo. Wote wanne wamo!"

"Na hawa wengine? Nge, buibui, kupe?"

"Vya kuzugia hivyo, afande. Wezi wa siku hizi wana akili."

"Na hizi namba?"

"Namba za maswali."

"Mtihani ulikuwa na maswali mangapi?"

Nickson alirudi kwenye vidole vyake. "Matatu."

"Buibui ana nane. Swali la nane lilikuwa wapi?"

Mwalimu wa watu hakurudi nyuma. "Afande, mimi nimesimamia mitihani miaka kumi na moja. Hii ni shule ya kata, haina umeme, haina hata kioo cha kukuzia vitu. Na watoto wote thelathini na wanane wameandika kwamba popo ni mnyama anayenyonyesha. Wote! Shule kubwa kubwa hawakosi watano wa kumwita ndege. Lisemwalo lipo."

Rabia hakumchukia. Nickson hakuwa mwongo, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake, maana mwongo unamkamata kwa maneno yake, lakini mtu mwaminifu aliyekosea hukaa kwenye kosa lake kama kwake. Jumanne na Jumatano nzima Rabia alikuwa ameifuata bahasha ya maelekezo, ile inayomwambia mwalimu aandae wanyama gani. Ilifunguliwa Jumapili saa nane mchana mbele ya watu watatu, lakiri nzima, saini tatu. Hapakuwa na tundu la kupita hata sisimizi. Ila palikuwa na neno moja la Abdalah, dereva wa bodaboda, aliloapa nalo jana: Jumamosi, siku moja kabla ya bahasha kufunguliwa, alimbeba Mwalimu Verediana akiwa na ndoo yenye jongoo na panzi. Roho ya Rabia ilikwama kwenye ndoo hiyo.

Aliirudia orodha. Biolojia aliiaga zamani, akiwa na alama D na shukrani kwa Mungu, lakini kuna mambo hata mwenye D anayajua. Buibui nane. Panzi sita. Mjusi minne.

"Miguu," alisema.

"Nini?"

"Mwalimu Nickson, hizi si namba za maswali. Ni miguu."

Nickson alicheka kwa adabu. "Na jongoo ana minne? Afande, jongoo ana miguu mpaka unachoka."

Kweli kabisa. Nadharia nzuri ilidumu pumzi moja, ikafa kwa jongoo. Rabia alisimama, akazunguka meza, akagonga kichwa kwenye kitu kilichoning'inia darini. Ilikuwa balbu ya taa, imetolewa vya ndani, imejazwa maji, imezibwa kwa nta na kufungwa waya. Siku tatu alikuwa akiipita akidhani ni pambo. Aliishika, akaiweka mbele ya gazeti la zamani lililobandikwa ukutani, na herufi zikavimba mbele yake.

"Wewe umesema hawana kioo cha kukuzia."

Alitoka nje. Mvua za Novemba zilikuwa zimewatoa jongoo wote wa kata ya Makere, wanatambaa ukutani kama wenye shule. Rabia Hilali, mzaliwa wa Kondoa, aliwahi kumnyang'anya mtu panga stendi ya Kibondo bila kupepesa jicho. Lakini jongoo, jamani! Alimwinua kwa kalamu mbili za Nickson, akamlaza mezani na kumsogezea balbu.

Mwili wa jongoo ulikuwa pete juu ya pete, pingili juu ya pingili. Rabia aliichagua moja ya katikati, akahesabu. Miwili upande huu, miwili upande ule. Akahesabu inayofuata. Minne. Inayofuata. Minne.

"Kila pingili minne," alisema taratibu. "Na tandu naamini atakuwa na miwili. Ndiyo tofauti yao. Njoo uone."

Nickson aliinama. Alihesabu pingili tisa, midomo ikimcheza, kisha akainuka na kuzipangusa kalamu zake.

"Anayeiba mtihani anaiba majibu," Rabia alimwambia. "Haandiki kupe nane, mtoto sita. Hilo linaandikwa na mtu aliyemshika kupe na mtoto wake."

* * *

Verediana alikuwa ofisini mwa walimu, amekatazwa kufundisha, kwa hiyo anasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, Mhaya aliyepangiwa Kasulu miaka tisa iliyopita na hajaomba uhamisho.

"Namba ni za miguu," Rabia alisema mlangoni.

"Umechukua siku tatu, afande."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia Jumanne: waulize watoto wamejifunza nini. Ukaniuliza nani kaniuzia mtihani." Aliweka kalamu chini. "Mimi sijaiba, nimefundisha. Sikuona sababu ya kuapa machozi yakinitoka kwa jambo ninalojivunia."

Rabia alilimeza, maana lilikuwa haki yake. Akavuta kiti. Verediana akaeleza. Tangu Februari mwaka jana, kila Jumamosi, kila mwanafunzi kwa zamu yake hutoa mchango wa mnyama mmoja mdogo, mzima, na jioni humrudisha alikomtoa. Wanamtazama kwa balbu, wanahesabu miguu, wanatafuta kama ana uti wa mgongo, kama ana manyoya au magamba, kama anataga au anazaa, kisha wanabishana ni wa kundi gani.

"Na sheria yetu ni moja. Daftarini haliandikwi neno mpaka mikono yote iwe juu. Mmoja akikataa, tunahesabu upya. Kwa kupe tulibishana wiki mbili. Tamimu, yule wa mwisho darasani, alileta kitoto cha kupe kidogo kama chembe ya ufuta, akang'ang'ania kina miguu sita. Wenzake wakamcheka. Akawa sahihi yeye."

"Penye wengi hapaharibiki neno."

"Kwangu wanaliharibu kwanza, ndipo wanalitengeneza."

"Daftari liko wapi?"

Hapo ndipo kiburi kizuri cha Verediana kilipopungua. "Analitunza Esteri. Ule ukurasa aliuchana kwenda kujikumbusha njiani. Hilo ni kosa lake na amelia kwa ajili yake. Lakini daftari anasema limepotea. Afande, huyo mtoto hajui kudanganya. Aliponiambia, alikuwa anatazama ukuta."

Nje, Abdalah alikuwa anafuta kiti cha pikipiki. Rabia alipanda nyuma yake.

"Jana nilikuuliza kama Jumamosi ulimbeba Mwalimu na ndoo. Kuna swali nililisahau. Jumamosi nyingine je?"

"Ah, kila Jumamosi, afande! Tangu mwaka jana. Na siku moja alikuwamo nge, ndiyo maana siku hizi ndoo naiweka mbele nione inafanya nini."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza."

Rabia alijitukana kimoyomoyo mpaka walipovuka daraja.

* * *

Boma la Venanti Nduwayezu lilikuwa juu ya mteremko, migomba mbele, mihogo nyuma, ua umefagiliwa mpaka unaona aibu kuukanyaga. Mwenyewe alikuwa anachonga mpini wa jembe. Esteri alipomwona askari alisimama mlangoni mwa jiko, mikono yake nyuma, msichana mrefu wa miaka kumi na tisa mwenye macho ya kuchoka.

"Amahoro, baba Esteri."

"Amahoro," Venanti aliitikia, akashangaa kidogo kusalimiwa kwa Kirundi na mgeni. "Karibu, mama. Kiti hicho hapo."

"Ningeomba kukaa ndani. Jua hili la baada ya mvua linachoma."

Aliingizwa sebuleni, Venanti bado ameshika jembe alilokuwa akilichongea mpini. Kalenda ya kanisa, picha ya harusi, saa iliyosimama. Na kati ya picha na saa, msumari mtupu, na chini ya msumari kipande cha ukuta chenye pembe nne, cheupe kuliko ukuta mwingine. Rabia alikitazama huku akinywa maji aliyopewa. Kitu kilichokuwa hapo kilikaa muda mrefu, na kimetolewa juzijuzi, maana hata buibui hajapita.

"Esteri," alisema, "daftari la Jumamosi liko wapi?"

"Limepotea, afande." Alitazama ukuta.

Rabia alimgeukia baba. "Mzee wangu, na hati yako ya uraia umeificha wapi?"

Jembe lisilo na mpini lilimtoka Venanti, likaanguka sakafuni.

"Nani kakwambia?"

"Msumari, na jina lako la Kirundi. Mtu anayeitundika hati yake kati ya harusi yake na kalenda ya kanisa haishushi bure. Nami nadhani ilipo hati, ndipo lilipo daftari."

Venanti aliwafukuza kuku wawili walioingia. Kisha alisema, kwa Kiswahili chake chenye mapigo ya Kirundi, "Mama, sisi tunazijua orodha. Mwaka juzi kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa, nilikwenda kumuaga dada yangu. Kulikuwa na daftari kubwa. Jina, halafu namba ya watu. Jina, namba. Unaitwa, unapanda gari, unakwenda Burundi. Alikwenda vizuri, ananipigia simu, sisemi vibaya. Lakini mimi ni wa hapa. Nimezaliwa hapa Makere, nimeapa, nimepewa karatasi. Jumatatu binti yangu anarudi analia, anasema mkubwa amemkamata na orodha ya majina na namba, na polisi watakuja. Nikalifungua lile daftari. Majina tupu! Nduwayezu nne. Nkunzimana mbili. Kurasa na kurasa. Nikasema, haya, imeanza."

"Baba, nilikwambia ni wadudu," Esteri alisema, machozi yakimtoka.

"Mtoto huambiwa lolote aandike. Wangapi wameandika wasichokijua?"

Rabia aliitoa ile karatasi, akaitazama upya. Karatasi moja: msimamizi ameona wizi, baba ameona magari ya kuondoka, na yeye mwenyewe siku tatu ameona maswali. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya stuli. Jongoo wa Murutabo alijikunjua.

"Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Esteri, lete kitu cha kukuzia. Najua mnacho hata hapa."

Balbu ililetwa. Venanti alimwinamia jongoo, mtu mzima mwenye mvi, akahesabu pingili moja kwa Kirundi, kwa sauti: "Rimwe, kabiri, gatatu, kane." Akahesabu nyingine. Akamwinulia binti yake macho.

"Nduwayezu nne."

"Kila nilipoleta jongoo tuliandika hivyo, baba. Nne ni miguu yake."

Venanti alicheka, cheko la kwanza tangu Jumatatu, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kisha akachukua lile jembe lisilo na mpini, akaenda kwenye mgomba wa tatu nyuma ya jiko na kuchimbua kwa mikono miwili. Ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya chungu, vilikuwamo vitu viwili vimefungwa pamoja: hati yenye fremu, na kauntabuku nene lenye jalada la bluu. Hati aliipangusa kwa shati lake mwenyewe na kuirudisha kwenye msumari kabla hajamkabidhi Rabia daftari.

Rabia alilifungua pale pale na kuiweka karatasi mahali pake. Meno ya mchano yalikutana. Kurasa ziliandikwa upande mmoja tu wa kila karatasi. Ukurasa wa 36: Jumamosi, 8 Machi 2014. Ukurasa wa 38: Jumamosi, 22 Machi. Kati ya hizo, ule wenye kona ya tarehe iliyochanika. Na mahali palipoandikwa panzi palikuwa na doa la kahawia, panzi wa watu alibanwa daftari lilipofungwa. Doa lenyewe lilipenya karatasi na kuacha alama ukurasa wa 38, pale pale, bila kupishana hata upana wa uzi.

"Miezi minane kabla ya mtihani," Rabia alisema, na hakujizuia kutabasamu.

* * *

Ijumaa saa nne Rabia alikuwa mbele ya kamati na daftari, karatasi, na bakuli lililofunikwa sahani. Mwenyekiti alikuwa Bwana Anatoli, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa miwani minene na haki nene. Nickson aliketi pembeni kama shahidi, Verediana upande wa pili, mgongo wima. Nje ya madirisha, katika uwanja, walisimama watahiniwa wote na wazazi kadhaa waliotembea tangu alfajiri.

Anatoli alilipima doa kwa rula. Aliilinganisha michano. Akavua miwani.

"Sajenti, nimeridhika kwamba karatasi ni ya Machi. Kazi nzuri. Lakini mimi sihukumu karatasi, nahukumu mtihani. Watoto thelathini na wanane, jibu moja. Hata kama hawakuiba, wamekaririshwa. Na aliyekaririshwa nani ajuaye alikaririshwa lini?"

Rabia alilitarajia hilo, na usiku kucha hakupata usingizi kwa ajili yake. Alifunua bakuli. Juu ya jani la kabichi alitambaa kiwavi mnene wa kijani, aliyemwokota alfajiri kwenye bustani ya nyuma ya nyumba za polisi.

"Nimepekua kurasa zote sitini na moja. Huyu hayumo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: viwavi hapana, wanawasha. Mwalimu aliwakataza. Basi, mwenyekiti, chagua mtoto yeyote, na baada yake mwingine, wasionane. Na wajibu kwa Kiswahili. Kiingereza mtu anaweza kukikariri kama dua asiyoijua maana."

Alisema kwa sauti imara, lakini moyo ulimdunda. Yeye mwenyewe alikuwa amemhesabu yule kiwavi mara tatu, na mara tatu akapata kumi na sita. Watoto wakimweka na majongoo, Rabia atakuwa amewazika kwa mkono wake mwenyewe.

Anatoli alichungulia dirishani, akanyoosha kidole nyuma kabisa. "Yule mwenye jezi."

Aliingia Tamimu, yule wa mwisho darasani, viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope. "Shikamooni."

"Marahaba. Huyu ana miguu mingapi, na ni wa kundi gani?"

Tamimu aliinama, akazungusha bakuli, akainama tena.

"Sita."

"Kumi na sita!" Nickson alisema bila kujizuia, maana naye alikuwa anahesabu. "Hesabu vizuri, kijana."

"Nimehesabu, Mwalimu. Hii sita ya mbele ina vifundo, na kwenye ncha kuna ukucha. Hii kumi ya nyuma haina kifundo hata kimoja. Ni nyama imetokeza tu, ya kushikia jani. Mguu usiokunjika si mguu, ni kishikio. Huyu ni ndugu yake panzi. Si wa kina jongoo."

Anatoli aliinuka. Alimtoa kwa mlango wa nyuma, akaagiza, "Sasa nileteeni huyo Esteri mwenyewe."

Esteri aliingia, akaomba ruhusa ya kutumia balbu, akamtazama kiwavi kwa muda mrefu kuliko mwenzake. Rabia alibana vidole vyake chini ya meza.

"Kwa kumtazama haraka ni kumi na sita," Esteri alianza, na Rabia akafumba macho. "Lakini huyu bado mtoto. Kwa kupe tulikosea hivyo hivyo, tulibishana mtoto na mkubwa kama ni wanyama wawili. Kwa hiyo najiuliza huyu akikua atakuwa nani. Atakuwa kipepeo, au nondo. Na wao wana miguu sita. Basi kuna kumi ataiacha njiani, na ni hii laini ya nyuma. Miguu yake ya kweli ni sita. Ni mdudu."

Anatoli alivaa miwani yake, akaivua tena. "Huyu amepita kwingine kabisa," alisema, kama anajisemea.

"Ndiyo hoja yangu ya mwisho, mwenyekiti," Rabia alisema, na sasa fahari ilimjaa kifuani hata akasimama bila kujua. "Waliokariri hufanana maneno. Walioelewa hufanana jibu, maneno kila mtu anatoa kwake. Tazama na zile karatasi za mtihani. Wote wanasema popo ananyonyesha. Mmoja kaandika kwa sababu ya manyoya, mwingine masikio, mwingine alimwona akiwa na mtoto kifuani kwenye dari la kanisa. Hakuna wizi hapa. Kuna shule."

Kamati ilinong'onezana muda wa kuchemka chai. Kisha Anatoli akatamka: matokeo ya Murutabo yasizuiwe, Mwalimu Verediana arudi darasani Jumatatu. Verediana hakulia. Alitengeneza kola yake, akasema, "Asante. Jumatatu ni mbali, mimi nina kipindi kesho."

Nje palilipuka vigelegele. Nickson alivuka ukumbi, akamwinamia Verediana kidogo. "Mwalimu, nilikosea. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa."

"Hujakosea kukagua mkebe," alijibu. "Umekosea kuhesabu."

Esteri alikuwa bado amesimama kando ya bakuli. "Afande, naomba daftari. Dakika moja tu. Kiwavi hajaandikwa."

"Kielelezo hakiandikwi, binti yangu. Hilo ni la serikali mpaka jalada lifungwe." Rabia alimwona alivyonywea. Alitoa daftari lake la kazi mfukoni, akafungua ukurasa mweupe, akampa na kalamu. "Andika humu. Nitalinukuu kwenye ripoti."

Esteri hakuandika. Alikwenda dirishani, daftari la polisi mkononi. "Kiwavi!" aliita. "Miguu sita, vishikio kumi! Mikono juu!"

Mikono ya wenzake ilipanda uwanjani. Wa Verediana ulipanda. Nickson alitazama huku na huku, akapandisha wake. Rabia naye akainua, na hata Bwana Anatoli akaufikisha wake begani. Watu wakamtazama mtu mmoja aliyesimama mbele kabisa karibu na dirisha, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa bado imeshika kofia.

Esteri alingoja. Sheria ni sheria.

"Uyu ni umwana wanje," Venanti alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwenyekiti, kwamba huyu ni mwanawe. Kisha akavaa kofia, akainua mkono wake wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, mbele ya serikali, na binti yake akaandika.